PUMZI IMEKATIKA: JE, MTU AMEKUFA?

Lugha yetu ina misemo miwili inayokaribiana kama ndugu, walakini maana zake si moja. Twasema: pumzi imemkatika. Tena twasema: amekata roho. Wa kwanza ameacha kupumua. Wa pili amekufa. Kati ya hali hizo mbili upo muda, mara nyingi dakika chache tu, na katika muda huo mtu aweza kurudishwa. Lakini watu wengi huuruka muda huo kwa neno moja. Mvuvi akiopoa mtu ziwani, kundi lililo ufukoni lapiga kelele mara: "Amekufa maji!" Mkunga akipokea mtoto asiyelia, jamaa walio nje ya mlango waambiwa: "Amezaliwa mfu." Neno likishatamkwa, mikono hulegea na kilio huanza.

Swali letu leo ni hili: Mtu akikatika pumzi, nani awezaye kusema kama atapona au hatapona? Na akishasema, neno lake latupa ruhusa ya kufanya nini, au ya kuacha nini? Si swali la madaktari peke yao. Ni swali la dhamiri, nalo laweza kumkuta kila mmoja wetu kesho, ufukoni, jikoni, au penye kitanda cha mzazi.

Jambo hili latuhusu

Sisi wa Bukavu tumejenga nyumba zetu juu ya rasi zinazoingia Ziwa Kivu. Ziwa hutupa sambaza, hutupa njia ya kwenda Idjwi, Kalehe na Goma. Tena huchukua watu wetu. Tarehe 3 Oktoba 2024 mashua iitwayo Merdi, iliyotoka Minova ikiwa imejaa kupita kiasi, ilipinduka na kuzama karibu na bandari ya Kituku mjini Goma, watu wa nchi kavu wakitazama kwa macho yao. Makumi ya abiria walikufa. Vita vilikuwa vimefunga barabara ya kwenda Goma. Ndiyo sababu wachuuzi na akina mama na watoto walipanda mashua.

Lakini maji si adui wa pumzi peke yake. Usiku wa baridi watu huingiza jiko la makaa chumbani na kufunga madirisha. Makaa hutoa kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, nayo huingia katika damu na kukalia mahali pa oksijeni. Upande wa Goma na Sake yapo mashimo na mabonde madogo ambamo hewa nzito ya kaboni dioksidi hutoka ardhini na kutuama kama maji. Wenyeji huyaita mazuku, na mbuzi au mtoto akishuka humo huanguka. Tena wapo watoto wachanga wanaotoka tumboni wamechoka, wasiweze kuvuta pumzi ya kwanza. Na wapo ndugu zetu waliojinyonga kwa uchungu wa moyo, wakaonekana upesi. Visa ni mbalimbali, lakini dhara ni moja: mwili umenyimwa hewa.

Mwili unyimwapo hewa

Kwanza tufahamu mwendo wa jambo lenyewe, maana asiyejua mwendo hukata shauri kwa hofu.

Mtu anaponyimwa hewa, hupoteza fahamu upesi. Kisha huacha kupumua. Lakini moyo wake hausimami papo hapo. Huendelea kupiga kwa dakika kadhaa, kwanza kwa nguvu, halafu polepole na kwa udhaifu, hata mkono wa mtu asiyezoea hausikii tena mapigo. Mwisho husimama. Toka hapo ubongo, ambao ndio wenye njaa kubwa kuliko viungo vyote, huanza kuharibika baada ya dakika zipatazo nne au tano.

Basi yafaa kushika jambo hili moja: kwa aliyenyimwa hewa, pumzi hutangulia kukatika na moyo hufuata. Akipata hewa moyo ungali wapiga, aweza kurudi upesi sana. Mwaka 1997 daktari Szpilman wa Brazil alitangaza hesabu ya watu waliozama katika pwani za Rio de Janeiro. Katika 100 walioacha kupumua lakini moyo ungali wapiga, 44 walikufa. Katika 100 ambao moyo nao ulikuwa umesimama, 93 walikufa. Tazama tofauti hiyo! Ni dakika chache tu zinazowatenga hao na hao. Ndiyo sababu mafundisho ya Ulaya juu ya aliyezama yaamuru kumpulizia pumzi 5 kwanza, kabla ya kuanza kumkandamiza kifua.

Madaktari hukadiria kwa dalili gani?

Daktari naye hana budi kukadiria. Si kosa. Asipokadiria, hatajua amwandalie nani kitanda, amtie nani oksijeni, awaambie nini jamaa. Kwa hiyo hutazama dalili: Alikaa muda gani bila hewa? Maji yalikuwa ya baridi au ya vuguvugu? Alipofika, moyo ulikuwa ukipiga? Kuna aliyempulizia pumzi huko huko alikoopolewa? Mboni za macho zafinyaa zikimulikwa? Aguswapo jichoni, hupepesa? Abanwapo kidole, huuvuta mkono?

Dalili iliyo kubwa kupita zote kwa aliyezama ni muda wa kukaa chini ya maji. Katika mafundisho yaliyotangazwa mwaka 2012, Szpilman na wenzake waliandika hivi: waliokaa chini dakika 5 au pungufu, 10 katika 100 walikufa au walibaki na ubongo ulioharibika vibaya, dakika 6 hadi 10, walikuwa 56 katika 100, dakika 11 hadi 25, walikuwa 88, kupita dakika 25, karibu wote.

Hesabu hii ni ya kweli na yafaa kuheshimiwa. Ziko habari za watu waliopona baada ya muda mrefu zaidi, kama mwanamke mmoja huko Norwe, mwaka 1999, aliyenaswa chini ya barafu muda wa dakika 80. Lakini yeye alipoa mwili mzima kabla moyo haujasimama, na baridi ile iliulinda ubongo wake. Maji ya juu ya Ziwa Kivu hayana baridi ya namna hiyo. Tusijidanganye kwa hadithi za nchi za barafu.

Walakini tuisome hesabu hiyo mpaka mwisho. Ikiwa 88 walipotea, basi 12 walirudi kwa watoto wao. Na jambo la pili ni zito zaidi: hesabu yote yasimama juu ya saa. Ufukoni ni nani aliyeshika saa? Mama aliyemwona mwanawe akizama aliona dakika moja kama mchana mzima. Mwingine alifika amechelewa, akasema, "Yumo humo tangu zamani." Dalili iliyo kubwa kuliko zote ndiyo ile ambayo hakuna aliyeipima. Basi mtu wa ufukoni asijifanye hakimu kwa saa asiyokuwa nayo.

Waliohukumiwa mapema

Pengine mtu atasema: "Hayo ni maneno tu. Sisi twamjua maiti tukimwona." Je, kweli twamjua? Tutazame mifano mitatu.

Mfano wa kwanza watoka kwa jirani zetu wa Tanzania. Huko, katika hospitali nane, wakunga walifundishwa namna nyepesi ya kumsaidia mtoto asiyepumua: kumkausha, kumsugua mgongo, kusafisha kinywa inapohitajika, na kama bado hapumui, kumtilia hewa kwa mfuko wenye barakoa kabla dakika ya kwanza haijakwisha. Habari yake ilitangazwa mwaka 2013. Vifo vya watoto katika siku ya kwanza vilipungua kwa 47 katika kila 100. Hilo lafurahisha. Lakini kuna jambo la ajabu zaidi: hata watoto walioandikwa "wamezaliwa wafu" walipungua kwa 24 katika kila 100. Wafu hawapunguzwi kwa barakoa. Maana yake ni kwamba baadhi ya wale walioitwa wafu zamani hawakuwa wafu. Walikuwa hai, moyo ukipiga kwa siri, wakafunikwa kitambaa.

Katika hospitali ya Haydom, huko huko Tanzania, ilionekana tena kwamba kila nusu dakika ya kuchelewa kutia hewa iliongeza hatari ya mtoto kwa 16 katika kila 100. Basi mkunga anayesimama akijiuliza, "Ataishi huyu?" hula dakika za mtoto kwa swali lake. Mikono itangulie, swali litafuata.

Mfano wa pili ni wa Ziwa Nyos, nchini Kameruni. Usiku wa tarehe 21 Agosti 1986 ziwa lile lilitoa wingu la kaboni dioksidi, likaua watu wapatao 1,700 katika vijiji vya karibu. Wengi wa waliosalia walikuwa wamezimia kabisa, wamelala kati ya maiti, wakaamka baada ya saa nyingi. Mtu angepita usiku ule na kuwahesabu, angewahesabu pamoja na wafu.

Mfano wa tatu twausema kwa huzuni. Katika makabila mengi ya nchi zetu ni mwiko kumgusa aliyejinyonga. Watu husimama mbali. Wengine wamngoja chifu, wengine polisi, wengine wadai mbuzi wa kutakasa. Nao madaktari waliowachunguza watu wa namna hiyo, wale walioletwa moyo ungali wapiga, wameona kwamba wengi hupona, hata walioletwa wamezimia pasipo kusikia lolote. Basi ule mwiko huweza kukamilisha kile ambacho uchungu ulianza. Kanisa lenyewe halikati tamaa juu ya wokovu wa mtu aliyejiua, bali humwombea. Ikiwa hatukati tamaa ya roho yake, itakuwaje tukate tamaa ya mwili wake wakati ungali na joto?

Utabiri unaojitimiza wenyewe

Sasa twafika penye kiini cha jambo.

Mtu akitabiri mvua, maneno yake hayaleti mvua wala hayaizuii. Lakini mtu akitabiri kifo cha mgonjwa aliye mikononi mwake, maneno yake yaweza kukileta. Husema: "Huyu hataishi." Kwa kuwa hataishi, haletewi oksijeni. Kwa kuwa haletewi oksijeni, afa. Akishakufa, yule mtabiri atikisa kichwa na kusema: "Mliona? Niliwaambia." Watu humsifu kwa ujuzi wake. Hakuna ajuaye kama alitabiri au kama aliua.

Madaktari wenye hekima waijua hatari hiyo, nao wamejiwekea ulinzi. Kwa mtu mzima ambaye moyo ulisimama ukarudi, naye angali amezimia, mafundisho ya Ulaya ya mwaka 2021 yakataza kukata shauri juu ya ubongo wake mapema. Yataka kungoja muda wa saa 72 kwa uchache tangu moyo uliporudi, tena kutotegemea dalili moja, bali dalili nyingi zinazokubaliana. Hata dawa za usingizi alizopewa zaweza kumfanya aonekane amekufa ubongo, kumbe amelala tu.

Hata ile hesabu ya watoto wachanga, iliyobuniwa na daktari Virginia Apgar wa Marekani mwaka 1952, yenye alama 0 hadi 10, watu huitumia vibaya. Yeye aliibuni ili mtoto atazamwe upesi na kusaidiwa. Madaktari wa Marekani wenyewe wameonya kwamba alama hizo zisitumike kumtabiria mtoto mmojammoja kwamba atakufa au atakuwa na akili pungufu. Kipimo cha kuamsha msaada kisigeuzwe kuwa hukumu ya kuunyima.

Na sisi wa nchi hizi tuna sababu nyingine ya kujihadhari. Hesabu nyingi zilifanywa katika hospitali zenye mashine za kupumulia, umeme usiozimika na wauguzi wa kutosha. Hapa kwetu mgonjwa aweza kufa, si kwa sababu ubongo wake uliharibika, bali kwa sababu umeme ulikatika saa nane ya usiku, au kwa sababu jamaa walitumwa kwanza kutafuta fedha za dhamana. Kifo cha namna hiyo kisiandikwe katika hesabu ya Mungu kana kwamba ndiye aliyeamua. Mara nyingi twasema "Ni mapenzi ya Mungu" mahali ambapo ilipasa kusema "Ni uzembe wetu" au "Ni umaskini wetu." Kukubali mapenzi ya Mungu ni fadhila, kuyatumia kama pazia la kufunika uvivu ni kosa.

Kwa hiyo twaweka kanuni hii: kadirio ni halali likituongoza namna ya kusaidia, si halali likitangulia msaada wenyewe. Atendaye kwanza aweza kukadiria baadaye. Asiyetenda hana haki ya kutabiri.

Sheria ya Kanisa yatufundisha njia hiyo hiyo katika mambo ya sakramenti. Kanuni ya 1005 yaagiza kwamba, ikiwa pana shaka kama mgonjwa amekwisha kufa au bado, apewe Mpako wa Wagonjwa. Yaani shaka huamuliwa kwa faida ya uhai. Ikiwa padre hamnyimi mafuta kwa sababu ya shaka, je, sisi tumnyime hewa? Kadhalika mtoto aliye hatarini abatizwe. Lakini ubatizo wahitaji maji kidogo na maneno machache, nao hauzuii mkono unaotia pumzi. Wakiwapo wawili, mmoja abatize na mwingine aendelee kutia hewa.

Je, tuendelee pasipo kikomo?

Hapa yafaa tuhadhari na kosa la upande wa pili. Wapo watu ambao, wakisikia kwamba si vema kukata tamaa, hudhani kwamba kuacha ni dhambi siku zote. La, sivyo.

Tarehe 24 Novemba 1957 Baba Mtakatifu Pius wa Kumi na Mbili aliwajibu madaktari wa usingizi waliomwuliza juu ya mashine za kupumulia, ambazo wakati ule zilikuwa jambo jipya. Alifundisha kwamba mtu ana wajibu wa kutumia njia za kawaida za kulinda uhai, kwa kadiri ya watu, mahali na nyakati. Wala hana wajibu wa kutumia njia za pekee zinazoleta mzigo mzito kupita kiasi. Pasipo matumaini ya kweli, daktari aweza kuondoa mashine, na mgonjwa aachwe aende kwa amani. Hapo si kumwua. Ni kukiri kwamba sisi si mabwana wa uhai.

Nao madaktari wana vikomo vyao. Kwa mtoto mchanga ambaye moyo wake haukusikika hata mara moja, zamani walisema baada ya dakika 10 yafaa kufikiri juu ya kuacha. Mwaka 2020 walisogeza kikomo hicho mpaka dakika zipatazo 20, kwa kuwa baadhi ya watoto walirudi baada ya dakika 10, wakaishi vema. Jambo hili latufundisha mawili. Kikomo kipo, na mkunga aliyefika kikomo baada ya kazi ya haki asijilaumu maisha yake yote. Tena kikomo chaweza kusogea. Kwa hiyo anayekishika akishike kwa unyenyekevu.

Dalili za kifo cha hakika zajulikana pia: mwili umekuwa mgumu kama ubao, au damu imetuama upande wa chini na kuacha mabaka, au umeanza kuoza. Hapo hapana tena wajibu wa kupulizia, bali wa kuzika kwa heshima. Na wale wanaowazuia jamaa wasizike, wakiahidi kwamba maiti ataamka kwa maombi yao, tena wakidai fedha, huwaongezea waliofiwa jeraha juu ya jeraha.

Mwingine atauliza: "Akipona na ubongo ulioharibika, je, haikuwa afadhali afe?" Jibu: Ufukoni hakuna ajuaye atapona namna gani, basi kumwacha kwa hofu ya ulemavu ni kumhukumu kwa jambo lisilojulikana. Wengi wanaopata hewa upesi hurudi wazima. Na anayerudi na ulemavu harudi pungufu ya utu. Hapa Bukavu kituo cha Heri Kwetu kimewahudumia watu wenye ulemavu, na jina lake latosha kuwa jibu. Lakini tusiwadanganye wazazi: wengine watabeba mzigo mkubwa. Anayesema "Mwokoe" asitoweke siku mzigo utakapofika mlangoni mwa jirani.

Wakiletwa wengi pamoja

Yapo mashaka mazito kuliko hayo. Mashua imepinduka, watu ishirini wameopolewa, nawe u mwuguzi mmoja. Au wodini pana mashine moja ya oksijeni na wagonjwa wawili. Hapo kadirio halikwepeki, maana kumsaidia mmoja ni kumwacha mwingine angoje. Je, ni dhambi?

Si dhambi, ikiwa kipimo ni cha haki. Kipimo cha haki ni hiki: ni nani anayehitaji sasa, na msaada huu waweza kumfaa? Si kipimo cha haki kuuliza: ni nani mwenye fedha, ni nani mtoto wa mkubwa, ni nani wa kabila letu, ni nani alijitakia mwenyewe. Na tazama jinsi kanuni za waokoaji zilivyo na huruma hata katika haraka. Kanuni moja ijulikanayo yasema kwamba asiyepumua asipitwe kabla ya kumfungua njia ya hewa, yaani kumwinua kidevu na kurudisha kichwa nyuma. Akianza kupumua, awekwe mbele ya wote. Ikiwa ni mtoto asiyepumua, naye ana mapigo ya moyo, apewe kwanza pumzi 5, kwa sababu moyo wa mtoto kwa kawaida husimama kwa kukosa hewa. Baada ya hayo tu, mwokoaji apita kwenda kwa mwingine. Yaani hata katika msiba wa wengi, kila mtu ana haki ya mkono mmoja juu ya kidevu chake kabla hajaitwa maiti.

Basi tufanye nini?

Tufupishe maneno, maana maarifa yasiyofika mikononi hayamfai aliyezama.

Ufukoni. Usimtundike kichwa chini, wala usimkandamize tumbo. Wapoteza muda na kumtapisha. Mlaze chali, inua kidevu, mpulizie pumzi 5 ukiona kifua chapanda. Kisha, asipopumua, mkandamize katikati ya kifua mara 30, kwa nguvu na kwa haraka, na pumzi 2, tena na tena, mpaka apumue, au afike mwenye ujuzi, au nguvu zikuishie. Akizinduka, apelekwe hospitalini vilevile, kwa kuwa mapafu yaweza kumgeuka baada ya saa kadhaa.

Nyumbani. Jiko la makaa lisilale chumbani na watu. Ukimkuta aliyezimia kwa moshi wa makaa, fungua mlango na madirisha, mtoe nje kwanza. Asiambiwe "Umepona" upesi, maana wengine husumbuliwa na usahaulifu siku au majuma baadaye.

Penye mazuku. Usishuke kumfuata aliyeanguka. Wengi wamekufa hivyo, wa pili juu ya wa kwanza. Upendo hautupi maisha bure; hutafuta kamba na watu.

Kwa aliyejinyonga. Mwenye kumwona amteremshe upesi akimshika mwili, amsikilize pumzi, amsaidie kama aliyezama. Mwiko hauna nguvu juu ya amri ya upendo. Na akipona, asichekwe wala asitozwe faini ya aibu; awekewe mtu wa kukaa naye, apelekwe kwa mganga na kwa padre.

Parokiani. Kila jumuiya ya ufukoni iwe na watu wawili au watatu waliofundishwa kazi hii na wauguzi, kama vile tulivyo na wanaofundishwa kubatiza penye hatari. Wenye mashua wadaiwe makoti ya kuelea kabla ya safari, si baada ya mazishi.

Usikate tamaa hata ukiona jua limekuchwa. Sisi hatusemi kwamba kila aliyekatika pumzi atarudi. Wengi hawatarudi, na hesabu tuliyoisoma ni kali. Twasema tu kwamba haki ya kunena "Amekufa" hununuliwa kwa jasho. Yeye aliyepiga magoti mchangani, akapulizia, akakandamiza, akahesabu, hata mikono ikatetemeka, huyo aweza kuinuka na kuwaambia jamaa ukweli, nao watamwamini. Na usiku ule, akiulizwa na dhamiri yake, atakuwa na la kujibu.